Shati la Nyamizi

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa Sekela Mwakalinga aliamshwa na teke la tumbo, na aliyempiga alikuwa mdoli. Ulikuwa mdoli wa turubai laini uliojazwa sufi, usio na macho wala mdomo, wenye uzito wa kilo sita na robo kwa sababu Lugano, binti yake wa miezi mitano, alikuwa na kilo sita na robo. Upande wa pili wa kioo Lugano alirusha mguu, na mdoli nao ukarusha wake.

"Shikamoo, mama," Sekela aliuambia mdoli, maana Lugano alirithi jina la bibi yake pamoja na heshima zote. "Naona leo umeamka na ugomvi."

Alivaa shati lake, akaupakata mdoli, akaweka kiganja mgongoni mwake. Ndani ya kioo, mikono miwili minene ya mashine, yenye rangi ya unga wa ulezi, ikamnyanyua Lugano na kumpakata vilevile. Shati lilifumwa kwa nyuzi zinazosikia. Mama akibonyeza, akitetemeka, akicheka, hata kifua chake kikivuma kwa wimbo, nyuzi zilipeleka yote kwenye mikono ya ndani, na alichofanya mtoto kilirudi kwenye mdoli, joto na pumzi na mateke. Mama akilala, mikono iliendelea peke yake kwa yale iliyokwisha kujifunza kwake. Kujifunza kulichukua siku saba. Kilichoshindikana kupita kiooni ni harufu tu, na mafundi walikuwa bado wanahangaika nayo.

"Huyo akitoka humo mpelekeni timu ya taifa," alisema Bi Mwajabu kutoka benchi la tatu. Bi Mwajabu alikuwa mtu wa Kilosa, mnene, mcheshi, na aliyekuwa nyuma ya kioo chake ni mzao wake wa saba. "Nimemwona anavyopiga. Mguu wote."

"Ni wa baba yake huo mguu."

"Mwenzangu, mateke hayo ni ya kwako. Juzi ulipoulizwa nani kamaliza sukari nilikuona."

Wakacheka. Walikuwa wamezoea kucheka. Wodi ya Vioo ilikuwa na vyumba vitatu na mabenchi matatu, na hakuna mama aliyetoka mpaka siku arobaini zitimie, kwa sababu kifaduro kikaidi hakikusikia dawa za zamani na kilisafiri kwa pumzi. Mtu hawezi kulia siku arobaini mfululizo. Sekela alijaribu wiki ya kwanza akashindwa.

Ila asubuhi hiyo kicheko kilikatika mapema, maana benchi la katikati halikuwa na mtu. Juu yake mdoli mdogo wa kilo nne na nusu ulikuwa ukitetemeka. Nyuma ya kioo chake Maduhu, mtoto wa kiume wa miezi mitatu, alilia kwa sauti iliyochoka, na mikono ikampigapiga mara tatu, ikatulia, ikampigapiga mara tatu, ikatulia. Ilikuwa inafanya hivyo tangu juzi. Haikujua kingine.

Mama yake, Nyamizi, alikuwa binti wa Nzega aliyemfuata mumewe Rungwe kwenye mashamba ya chai. Alikaa kwenye benchi lile siku tatu tu, kisha naye akaanza kukohoa. Wauguzi wawili walikuja na kiti cha magurudumu kumpeleka jengo la watu wazima ng'ambo ya uwanja. Alipofika mlangoni alijivutia khanga begani, akageuka, akasema kama mwanamke yeyote anayetoka mara moja kuchota maji: "Dada, nishikie mtoto."

"Nimemshika," Sekela alijibu, bila kufikiri.

Mlango ulipofungwa ndipo alipomtazama Bi Mwajabu, kisha wote wawili wakatazama kioo kile kinene ambacho hakuna aliyeweza kumshika mtu kupitia kwacho. Walicheka hadi machozi yakawatoka, na baadaye machozi yakabaki peke yake.

*

Sista Paskazia aliingia saa tatu akiwa na fomu. Alikuwa mwanamke mrefu, mnyamavu, mwenye kalamu nne mfukoni ambazo hakuna aliyewahi kuthubutu kuazima hata moja.

"Maduhu amekunywa mililita thelathini tangu jana," alisema. "Haitoshi. Saa kumi jioni fundi anakuja kuweka Mama wa Jumla."

Sekela alimjua Mama wa Jumla, kila mtu alimjua. Ilikuwa kumbukumbu iliyokusanywa kutoka kwenye mikono ya akina mama elfu arobaini, ikachujwa ikaondolewa kila kosa. Watoto waliikubali. Lakini kila chumba kilibeba kumbukumbu moja tu, na hiyo ikiingia, ya Nyamizi inafutika.

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Yuko kwenye usingizi wa dawa, mashine inamsaidia kupumua. Daktari anasema atapona, ila si kesho. Mtoto hawezi kumngoja bila kula."

"Basi nipe mimi shati lake, Sista. Hata saa moja."

Sista alinyoosha kalamu kuelekea ukutani, palipoandikwa kwa herufi nyekundu: SHATI MOJA, MAMA MMOJA. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaketi kwenye ukingo wa benchi.

"Hospitali niliyofanya kazi mwanzo, shangazi mmoja alivaa shati la mke wa kaka yake. Kwa huruma tu. Mtoto alipotoka hakumtaka mama yake, miezi minane. Akibebwa na mama analia, akibebwa na shangazi ananyamaza. Mama yule nilimwona akimwogesha mwanawe huku shangazi amesimama pembeni ili mtoto akubali. Alikuwa anatabasamu, Mama Lugano, tabasamu ambalo sipendi kulikumbuka." Akasimama. "Ndiyo maana ukikutwa na shati la mwenzako, mashati yote mawili yanafungwa na wewe unatolewa wodini siku kumi. Sikutishi. Nakuambia."

Alipotoka, Sekela alibaki akimtazama Lugano. Siku kumi bila kuuhisi mguu ule.

*

Saa saba Sista Paskazia alikwenda kula. Shati la Nyamizi lilining'inia kwenye ndoana yake, dogo, mikono yake imefupishwa kwa sindano na uzi wa bluu.

"Unalitazama kama wali wa harusi," alisema Bi Mwajabu.

"Akiwekwa Mama wa Jumla mtoto atakunywa."

"Atakunywa sana."

"Na atapona."

"Atapona. Mimi sina ugomvi na Mama wa Jumla. Hana kosa hata moja. Mimi watoto wangu saba wamenijua kwa makosa yangu, lakini labda ni sisi watu wa Kilosa." Bi Mwajabu alimbembeleza mdoli wake bila haraka. "Nyamizi atarudi akute mikono haimjui, na siku saba za kuifundisha upya huenda asiwe nazo."

"Nikivaa mimi, atarudi akute inanijua mimi. Hiyo si ndiyo mbaya zaidi? Mama wa Jumla si mtu, huwezi kumwonea wivu. Mimi nitakuwa nimemwibia mtoto, tena nimekaa hapahapa namwangalia."

Bi Mwajabu aliuhamishia mdoli wake begani. Kisha akasema, "Basi usiwe wewe. Kuwa yeye. Si umekaa naye siku tatu ukimwangalia? Hukuona anavyombeba?"

Sekela alimwona. Sote tunajua namna wanawake wanavyotazamana wakiwa na watoto, kwa pembe ya jicho, na hakuna kinachopita. Alikuwa amekwisha kumcheka Nyamizi kimoyomoyo kwa jinsi alivyompigapiga mwanawe, kama anayefukuza kuku kwenye mahindi. Na alikuwa amemjibu. *Nimemshika.* Hakuna mtu aliyemlazimisha kujibu.

Alivua shati lake. Ndani ya kioo mikono iliyombeba Lugano ilisita kidogo, kisha ikaendelea kumbembeleza kwa kumbukumbu, mwendo uleule, kiganja kilekile. Lugano hakushtuka. Alipiga miayo. Sekela alisimama akiwa na shati mkononi, na moyo ulimuuma kuona anavyokosekana bila mtu kugundua.

"Dunia haina shukurani," alisema Bi Mwajabu, aliyekuwa ameona. "Vaa, mama, muda unakwenda."

Shati la Nyamizi lilimbana kwapani. Aliupakata mdoli mdogo, akaanza. Tatu, kimya. Tatu, kimya.

"Mama hatambuliki," ilisema sauti ya ukutani, kwa upole kabisa.

Mara tatu ikisema hivyo, kengele ingelia mezani kwa Sista. Sekela alipunguza nguvu, akatuliza mabega, akajaribu kujifanya mwembamba. Tatu, kimya. Tatu, kimya.

"Mama hatambuliki."

"Hebu subiri!" Bi Mwajabu aliinuka nusu, mdoli wake kifuani. "Subiri kwanza. Yule binti alikuwa anakula na mkono gani?"

"Wa kulia. Kila mtu anakula na wa kulia."

"Alikuwa anakula na wa kulia kwa sababu walimfundisha hivyo kwa fimbo. Lakini hukumwona alivyokuwa anashona hiyo mikono ya shati? Sindano kashika kushoto! Huyu ni mashoto, Sekela. Mtoto anamweka upande wa kulia na kumpigapiga kwa kushoto."

Sekela alifumba macho akamwona Nyamizi. Kweli. Kwa binti yule kichwa cha mdoli kilikaa kwenye kiwiko cha kulia. Sekela akaugeuza ule aliopakata. Mkono wake wa kushoto, ambao tangu azaliwe haukuwa umefanya kazi ya maana zaidi ya kushikilia kitunguu, ukanyanyuka kwa woga. Tatu, kimya. Tatu, zenye ukali kidogo mwishoni, kama vile kuku mmoja amekaidi. Akainama kwenye uso usio na macho akampasha habari, maana hivyo ndivyo Nyamizi alivyokuwa akifanya, habari za chai na za majirani.

"Maduhu, leo maharage yana mawe. Nimekuta mawili. Na Bi Mwajabu amekula mkate wangu."

"Uongo," alisema Bi Mwajabu.

Ukuta ulikaa kimya muda ambao Sekela aliuona mrefu kuliko siku kumi na tisa zote. "Mama ametambuliwa," ulisema.

Nyuma ya kioo mikono ikafanya mambo ambayo haikuwa imeyafanya tangu juzi. Ikamhamisha mtoto, ikamfuta shavu, ikachukua chupa na kuisogeza pembeni mwa mdomo. Maduhu akageuza kichwa. Akalia. Akaonja. Mdoli ukaacha kutetemeka kifuani mwa Sekela, na mvuto mdogo, wa haraka, ukaanza kupita kwenye turubai. Alikuwa ananyonya. Sekela alijikuta akilia na kucheka, na kwa kuwa alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kwaya ya kanisa lao miaka tisa, na mtoto akinyonya yeye huimba bila kujua, kifua chake kikaanza kuvuma polepole, mdomo umefungwa.

Ganda la chungwa likampiga sikioni.

"Nyamizi haimbi!" alinong'ona Bi Mwajabu kwa ukali.

Sekela akajibana pua. Lakini mvumo ulikuwa umekwisha kupita kiooni.

*

Saa kumi kamili Sista Paskazia alikuja na fundi, kijana mpole aliyebeba kisanduku cha Mama wa Jumla kwa mikono miwili kama keki. Sekela alikuwa ndani ya shati lake, mdoli wake mapajani, macho sakafuni.

Sista alisoma kwenye ubao wa kioo cha katikati. Mililita tisini. Chini yake mashine ilikuwa imeandika, kwa uaminifu wake wote: *Mama ametambuliwa, saa saba na dakika thelathini na tano.* Sista alisoma tena. Alitazama dirishani, ng'ambo ya uwanja, kwenye jengo ambamo mama huyo aliyetambuliwa alikuwa amelala usingizi wa dawa. Bi Mwajabu ghafla alishikwa na haja kubwa ya kuhesabu vidole vya mdoli wake, ambao haukuwa na vidole.

"Niweke sasa?" aliuliza fundi.

"Fomu inasemaje?"

"Inasema, iwapo mtoto hajanywa."

"Amekunywa," alisema Sista. "Rudisha kisanduku."

Fundi alipotoka, Sista alisimama mbele ya Sekela. Alizungumza taratibu, na kalamu zote nne mfukoni zilikuwa zinapanda na kushuka.

"Mama Lugano, mkono wako wa kushoto umevimba. Uchue kwa maji ya moto."

"Ndiyo, Sista."

"Na yule shangazi niliyekuambia, alikuwa mwanamke mwema sana. Wala sijasema alikuwa mbaya. Ukimfundisha huyu mtoto akujue wewe, sitakutetea hata moyoni mwangu, sembuse kwa mama yake."

"Nimeelewa."

"Mimi naenda kula saa saba kila siku," alisema Sista Paskazia, akaondoka.

*

Kwa siku saba Sekela alikuwa Nyamizi kuanzia saa saba mpaka saa tisa. Alijifunza kufunga kitenge kwa mkono wa kushoto, maana Bi Mwajabu alisema mazoezi ni mazoezi. Kila alipoanza kuvuma, ganda la chungwa lilimfikia. Walikula machungwa mengi. Siku ya saba kumbukumbu ikajaa, na ya nane alilitundika shati kwenye ndoana, akarudi kwa Lugano saa zote. Lugano alimpokea kwa teke.

Nyamizi alirudi wiki iliyofuata, amekonda, macho makubwa, akaketi kwenye benchi lake na kuvaa shati. "Mama ametambuliwa," ukuta ulisema, mara moja. Alifurahi kama mtoto. "Inanikumbuka! Dada, inanikumbuka!" Sekela alisema ndiyo, mdogo wangu, inakukumbuka, na akamsukumia Bi Mwajabu chakula chake cha mchana.

Lugano alifunguliwa kioo siku ya arobaini. Sekela angeweza kurudi nyumbani siku ileile. Mumewe alikuwa ameshapiga simu mara tano. Sekela alisema barabara ina matope. Alilala kwenye chumba cha wageni hadi siku ya arobaini ya Maduhu, akaja wodini saa nne asubuhi, Lugano mgongoni. Bi Mwajabu naye alikuwepo, mzao wake wa saba ametoka na sasa anavuta heleni yake.

Sista Paskazia akafungua kioo cha katikati. Hewa ya ndani ilitoka na harufu ya sabuni. Nyamizi aliingiza mikono yake mwenyewe, yenye ngozi na kucha, akamtoa mwanawe.

Maduhu akalia.

Nyamizi akamweka kwenye kiwiko cha kulia na kumpigapiga kwa kushoto. Tatu, kimya. Kilio kikapungua, kikakoma. Wote wakavuta pumzi. Lakini mtoto hakutulia. Aligeuza kichwa, akaegemeza sikio kifuani mwa mama yake, akangoja. Akainua uso. Akaegemeza tena.

"Anatafuta nini?" Nyamizi aliuliza, akicheka kidogo. "Dada, ona. Kama amepoteza kitu."

Bi Mwajabu alimtazama Sekela na kutikisa kichwa polepole: *nyamaza.* Sista aliangalia kalamu zake. Ingewezekana kunyamaza. Mtoto angesahau baada ya wiki mbili, labda moja, na Nyamizi angeondoka na furaha yake nzima.

"Anatafuta wimbo," alisema Sekela.

Akamweleza. Shati, mkono wa kushoto, fundi wa saa kumi, machungwa. Alisema haraka haraka akitazama sakafu, na alipofika kwenye kwaya sauti ilimkatika. "Nilijitahidi niwe wewe. Wimbo ulinitoka. Nisamehe, mdogo wangu."

Uso wa Nyamizi ulibadilika, na kwa kitambo Sekela aliona lile tabasamu alilosimuliwa na Sista, likianza.

"Kwa hiyo sasa ananijua mimi na wewe."

"Wewe zaidi. Mimi kidogo tu. Kwenye kunyonya."

Nyamizi alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa ameegemeza sikio tena na kungoja kwa uvumilivu mkubwa.

"Nilipokuwa natoka nilikuambiaje?"

"Ulisema nikushikie mtoto."

"Nawe ukaitika."

"Niliitika."

"Nilipozinduka kule, kabla sijajua hata niko wapi, hilo ndilo nililokumbuka. Kwamba kuna mtu kaitika." Tabasamu lile halikufika, kilichofika kilikuwa kilio, kisha kicheko, vyote kwa pamoja. Alijifuta kwa ncha ya khanga, akanusa bega lake, akakunja uso. "Wiki sita sijaoga maji ya kumwagika. Nanuka dawa mpaka mwenyewe najikimbia."

Akamnyoosha Maduhu mbele, kwa mikono miwili.

"Dada, nishikie mtoto, nikaoge."